Washa sita za breki, na ya saba inayosahaulika

Kijana alikuja kibandani kwangu akiwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na mafuta ya taa yaliyokwisha kugeuka rangi ya chai, na ndani ya mafuta hayo ililala rili yake, sehemu yake nzima ya upande wa mkono, imefunguliwa kipande kwa kipande.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaifungua?"

"Mimi mwenyewe. Nilitaka kuisafisha tu. Nimeirudisha mara tatu, na mara zote breki haishiki. Nimekaza nyota mpaka kidole kimechubuka, na mshipi bado unatoka kama uzi wa cherehani."

Nilimwambia aketi. Tatizo lake nilishalijua kabla sijatia mkono kwenye kopo, kwa kuwa katika rili kuukuu zinazoletwa kwangu hili ndilo linalojirudia kuliko mengine yote: vifaa ni vizima, ila vimepangwa vibaya. Washa za breki ukizitazama kwa haraka zinafanana. Zote ni duara, zote zina tundu katikati, zote zinaingia kwenye shimo lilelile la gia. Mtu huziona kama sahani za kabatini, kwamba yoyote ikitangulia sawa tu. Kumbe mpangilio wenyewe ndio breki. Ukiukosa, hakuna nguvu ya mkono itakayolipa.

Rili ya kijana huyu ni Penn ya zamani, ya nyota, yaani ile nati yenye ncha kama nyota kando ya mkono inayokaza breki, aliyoinunua kwa baharia wa boti ya watalii. Pwani yetu, kuanzia Malindi na Watamu hadi Shimoni, na ng'ambo ya huko Pemba, Unguja na Mafia, rili za aina hii hupita mikono mingi. Zinaanza kwenye boti za kitalii zinazotafuta nduaro na jodari, zikichakaa zinashuka kwa mabaharia, kisha unazikuta kwenye ngalawa ya mtu anayekokota chambo kutafuta nguru wa kuuza. Sizidharau hata kidogo. Otto Henze alianzisha kampuni ya Penn huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, na rili zake za mtindo ule wa zamani zilijengwa ili mtu wa kawaida aweze kuzifungua kwa bisibisi na spana moja. Vipuri vyake vingi bado vinapatikana. Rili kama hiyo haifai kutupwa kwa sababu ya washa zilizobadilishana nafasi.

Tuanze na kazi yenyewe inavyokwenda. Breki ya rili haiukamati mshipi. Mshipi umezungushiwa kwenye gurudumu lake, na gurudumu likizunguka huzungusha gia ndogo, ambayo mafundi huiita pinioni. Pinioni nayo imeng'atana na gia kubwa. Hapa ndipo pa kutazama: gia kubwa haikugandishwa kwenye shafti ya mkono. Imevishwa tu, nayo huzunguka juu ya shafti bila kizuizi, kama pete kwenye kidole chembamba. Shafti kwa upande wake inaweza kuzunguka kuelekea mbele peke yake, unapokusanya mshipi. Kurudi nyuma haiwezi, kwa sababu pana kidole cha chuma chenye springi ndogo kinachokita kwenye meno yake na kuizuia.

Sasa samaki amekula chambo na anakimbia. Mshipi unavuta gurudumu, gurudumu linavuta pinioni, pinioni inasukuma gia kubwa irudi nyuma. Gia inataka kwenda, shafti imekataa. Kati ya hao wawili ndipo zilipo washa, zimelala ndani ya tumbo la gia, zimebanwa na nyota kutoka juu. Zikibanwa sana, gia inashikamana na shafti na mshipi hautoki. Zikibanwa kidogo, gia inateleza na samaki anapewa mshipi huku akiulipia kwa jasho lake. Uvuvi wa samaki mkubwa wote umo katika mtelezo huo.

Aliyewahi kuona klachi ya pikipiki ikifunguliwa ameshaiona habari hii. Mle ndani kuna pleti zenye meno kwa nje, yanayoshika kikombe, na pleti zenye meno kwa ndani, yanayoshika kitovu. Hupangwa moja ya huku, moja ya kule. Fundi wa bodaboda hawezi kuweka mbili za upande mmoja zikafuatana akategemea pikipiki ipande mlima. Rili ni vivyo hivyo, isipokuwa imepunguzwa ikaingia kiganjani.

Nilizitoa washa za kijana nikazipanga juu ya gazeti kwa aina zake. Zilikuwa sita, za namna tatu.

Za kwanza ni laini, tatu kwa idadi. Hizi ndizo za msuguano. Katika rili za zamani utazikuta za ngozi, za nyuzinyuzi zilizokandamizwa, au za sufi. Katika zilizofanyiwa ukarabati utakuta za kaboni, nyeusi, zenye mfumo wa nyuzi kama mkeka uliosukwa kwa ukili mwembamba. Tundu lake ni la mviringo, kingo zake hazina chochote. Hazishiki shafti wala hazishiki gia. Zinaelea.

Za pili ni za chuma, mbili, na tundu lake si la mviringo kamili. Limechongwa bapa pande mbili. Ukiitazama shafti utaona nayo imechongwa bapa pande mbili, basi washa hii ikivikwa haiwezi kuzunguka peke yake. Shafti ikisimama, nayo imesimama. Mimi huziita washa za shafti.

Ya tatu ni ya chuma vilevile, moja tu, tundu lake la mviringo, lakini ukingoni ina masikio mawili yanayochomoza. Tumbo la gia lina mifereji miwili ya kuyapokea masikio hayo. Gia ikienda, nayo inakwenda. Hii ni washa ya gia.

Kanuni ni moja, na anayeishika hahitaji picha wala kitabu: kila washa laini ni lazima ilale kati ya kitu kinachokwenda na gia na kitu kilichosimama na shafti. Hapo tu ndipo pana kuteleza, na pasipo kuteleza hapana breki. Sakafu ya tumbo la gia ni gia yenyewe, kwa hiyo tayari ni kitu kinachokwenda. Juu yake unaweka laini. Juu ya laini, washa ya shafti. Laini tena. Kisha yenye masikio. Laini ya tatu. Na kilele chake, washa ya shafti ya pili, ambayo kwa kawaida ndiyo nene zaidi kwa kuwa inapokea mkandamizo wote wa nyota. Ziko rili zenye laini tano ndani, ambazo hudai za shafti tatu na za masikio mbili. Hesabu haibadiliki. Za shafti huzidi za masikio kwa moja daima, maana sakafu ya gia imejitolea kuwa ya masikio.

Kijana alikuwa ameanza vizuri, akaweka laini sakafuni. Juu yake akaweka yenye masikio, kwa sababu, alisema, iliingia kwenye mifereji vizuri akaona ndipo mahali pake. Halafu laini, ya shafti, laini, ya shafti. Tuhesabu pamoja. Laini ya chini iko kati ya sakafu ya gia na washa ya masikio, zote mbili zinakwenda pamoja, hivyo hiyo inabebwa tu, haifanyi kazi. Laini ya juu iko kati ya washa mbili za shafti, zote zimesimama, nayo imelala. Imebaki moja ya katikati. Breki ya nyuso tatu imegeuka ya uso mmoja, yaani theluthi ya nguvu yake kwa mkazo uleule. Ili aipate breki aliyoizoea ilimpasa abane nyota mara tatu ya kawaida, na ubanaji huo hauendi bure: hula uzi wa shafti, hukunja washa nyembamba, na hubonda ile laini moja inayobeba mzigo wa wenzake.

Lipo kosa jingine, la kuweka yenye masikio kileleni. Hilo huwa na madhara ya aina nyingine. Washa inayozunguka na gia inakuwa inasugua moja kwa moja vile vilivyo chini ya nyota, chuma kwa chuma, na msuguano huo unaweza kuikokota nyota yenyewe. Breki uliyoipima nchi kavu inakuwa nyingine samaki akiwa mita 100 mbali nawe.

Kabla ya nyota kubuniwa, mvuvi alizuia samaki kwa kipande cha ngozi alichokikandamiza kwa kidole gumba juu ya gurudumu la mshipi. Mkono wa rili ulizunguka kinyumenyume samaki alipokimbia, na vidole vingi vilivunjwa. Mtu aliyebadilisha mambo ni William Boschen, mvuvi wa Marekani aliyevua kwenye kisiwa cha Catalina, California. Wazo lake lilikuwa ni breki ndani ya gia, na fundi Julius vom Hofe wa Brooklyn alilitengenezea rili. Mwaka 1913 Boschen alimtoa kwa rili ya namna hiyo samaki upanga wa ratili 355, kama kilo 161. Nalitaja kwa sababu kila ninapofungua rili ya nyota nakuta wazo lilelile, halijabadilika kwa zaidi ya miaka 100, na nalipenda kwa unyofu wake.

Turudi mezani. Nilipozihesabu zile sita nikamwuliza, "Ya saba iko wapi?"

Hakuwa na habari kuwa ipo. Chini ya gia kubwa, nje ya tumbo lake, kati ya mgongo wa gia na kitako cha shafti, hukaa washa moja laini zaidi. Grisi ya zamani huigandisha kwenye mgongo wa gia, ikaonekana kama sehemu ya gia, kisha mtu anapopangusa kwa tambara inaondoka nayo. Bila hiyo, nyota inapobana, gia hukandamizwa juu ya kitako cha shafti chuma kwa chuma. Mlio wake ni wa kukwaruza, na grisi inayotoka hapo huwa na unga unaong'aa. Washa hiyo ya saba nayo huchangia breki, maana gia imebanwa juu na chini. Ni uso mwingine wa kuteleza. Tuliyamwaga mafuta ya taa kupitia kitambaa cha kanga kuukuu, na ikabaki pale juu ya kitambaa, nyeusi, imejikunja kidogo kama ganda la embe.

Kwa rili kuukuu, kupanga peke yake hakutoshi. Zitazame washa za chuma moja moja. Nailaza kila moja juu ya kipande cha kioo na kuibonyeza ukingoni kwa ukucha, ikitikisika, imepinda. Iliyopinda kidogo huweza kunyooshwa kwa kusagwa taratibu juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo hichohicho, kwa mzunguko wa namba nane. Yenye vishimo vya kutu ibadilishe, kwani vishimo hufanya kazi ya tupa juu ya washa laini. Angalia masikio kama yameliwa, na mifereji ya gia kama imepanuka. Washa laini zilizong'aa kama kioo, zilizokauka na kupasuka, au zilizobondwa zikawa nyembamba upande mmoja, ziondoe. Na zile ngumu za zamani usizozijua asili yake usizipige msasa. Baadhi ya vifaa vya breki vya enzi hizo vilikuwa na asbesto, na vumbi lake ni la hatari kwa mapafu. Toa, funga kwenye mfuko, weka mpya.

Wengine huniuliza kwa nini kuhangaika na kaboni wakati ngozi ilitosha babu zao. Jibu ni joto. Samaki akivuta mita 100 za mshipi dhidi ya breki ya kilo 10, kazi aliyoifanya ni karibu jouli 9,800, na karibu yote inageuka joto ndani ya zile washa. Kiasi hicho kinatosha kupandisha kikombe cha maji cha mililita 250 kwa digrii 9 hivi. Si kitu, utasema. Lakini ndani ya rili hamna kikombe cha maji. Mna chuma kidogo tu, na chuma hupata moto haraka kuliko maji. Gramu 200 za chuma, lau joto lisingepata pa kutokea, zingepanda kwa zaidi ya digrii 100. Jodari mzuri hachukui mita 100 akaridhika. Ndiyo maana ngozi iliyokauka huungua, grisi isiyofaa huyeyuka ikatiririka mahali pasipo pake, na breki iliyoanza safari vizuri humaliza kwa kushtuka.

Kushtuka huko ndiko kunakokata mshipi. Breki inashika, inaachia, inashika, na kila inaposhika upya mvuto hupanda ghafla kuliko ulivyopimwa. Dawa yake ni washa za kaboni zilizopakwa grisi ya breki za rili, ile yenye teflon, kwa kiasi kidogo. Naipaka kwa kidole pande zote mbili, naiacha iingie kwenye ule mfumo wa mkeka, kisha napangusa ya ziada mpaka washa inabaki na mng'ao wa unyevu tu. Grisi hapo inafanya mambo mawili: inalainisha mwanzo wa kuteleza, na inaziba njia ya maji ya chumvi. Usitumie ya magurudumu ya gari kwa kuwa ndiyo uliyo nayo. Na yale mafuta mepesi ya kupulizia yasifike hapo kabisa, maana huiosha grisi yote.

Ukipanga, pima kwa kidole kila hatua. Washa ya shafti ukiishika na kuizungusha, shafti ifuate. Yenye masikio ukiizungusha, gia ifuate. Ikizunguka peke yake, haijaketi. Mwisho tazama kimo cha fungu zima. Ukiweka laini nyembamba kuliko za asili, fungu hushuka sana, na nyota hufika mwisho wa uzi kabla ya kubana chochote. Zikiwa nene mno, masikio hayafiki kwenye mifereji.

Juu ya fungu hukaa washa za springi, zilizobinuka kama visahani. Zikiwa mbili, namna unavyozielekeza ina maana yake. Zikitazamana mdomo kwa mdomo, hubonyea kwa umbali mrefu, na nyota inakupa nafasi pana ya kurekebisha kidogo kidogo. Zikipandana kama vikombe, huwa ngumu, na robo ya mzunguko wa nyota inabadilisha breki sana. Fuata ilivyokuwa kiwandani, na kama hujui, wakati wa kufungua pitisha waya ndani ya kila kitu kwa mfuatano wake kabla hujakitia kwenye mafuta. Fungua rili juu ya beseni pia. Chini ya pinioni zimo springi mbili ndogo zinazoruka, na mchanga wa pwani haurudishi springi.

Rili ikishafungwa, breki haipimwi kwa kuuvuta mshipi kwa mkono. Mkono unadanganya. Nina mizani ya ndoano, sawa na ile wanayopimia samaki dikoni, na hiyo ndiyo husema kweli. Desturi ya wavuvi wa samaki wakubwa ni kuweka breki kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa ratili 50, yaani kama kilo 22.7, unataka breki ya kilo 5.7 hadi 7.5 hivi. Hiyo ni kwa gurudumu lililojaa. Mshipi unapotoka, mzingo uliobaki hupungua, na kwa mkazo uleule wa nyota mvuto huongezeka. Mzingo ukibaki nusu ya upana wake, breki ya kilo 7 inakuwa ya 14, bila mtu kugusa kitu. Nimewaona manahodha wenye uzoefu wa miaka wakikaza nyota pale samaki alipokwisha kuchukua mshipi mwingi, wakati breki ilishajikaza yenyewe. Hapo pa kulegeza wao wakakaza.

Tulifunga mshipi kwenye ndoano ya mizani, mizani nikaifunga kwenye mnazi. Kijana alishika rodi akarudi nyuma taratibu mchangani, mimi nikisoma. Nyota alikuwa ameigeuza kidogo tu, kwa ncha za vidole viwili. Mshale ulipanda ukasimama kwenye kilo 6, ukabaki hapohapo huku mshipi ukitoka, hatua baada ya hatua, bila kutikisika. Alirudi nyuma mpaka miguu ikaingia majini.

Alipokuwa anafungasha nilimwonyesha mambo mawili ya mwisho. Ukirudi kutoka baharini, kaza nyota kwanza, mwagia rili maji baridi kwa upole, usiielekezee mpira wenye nguvu kwa sababu nguvu hiyo huingiza chumvi ndani badala ya kuitoa. Ikishakauka, legeza nyota kabisa, ili washa laini zisikae zimebanwa hadi safari nyingine.

Aliilegeza palepale, akaisikiliza gia ikizunguka huru, kisha akauliza kama ile washa ya saba iliyojikunja anaweza kuondoka nayo. Niliyomfungia ndani ilikuwa mpya. Aliitaka ya zamani, aibandike ukutani juu ya meza yake, asiisahau tena.